Patasi Yenye Pengo

Lourens Swanevelder alihitaji dakika nne tu kumwambia mtu kwamba babu yake hakuwahi kuigusa bunduki aliyoileta. Tatu za kwanza zilikuwa za kazi. Aliilaza bunduki juu ya blanketi la jeshi, akavua saa yake ili isikwaruze chuma, akasoma namba za mtutu na za bolti, kile chuma cha kufungia risasi, kuona kama zinalingana, kisha akainamisha taa ya mezani mpaka mwanga ukalala kwenye kitako cha mbao na kila mkwaruzo ukapata kivuli chake. Dakika ya nne ilikuwa ya kunyoosha mgongo na kusema. Hakupandisha sauti, wala hakumtazama aliyeileta. Aliitazama bunduki.

"Babu yako hakuwahi kuigusa hii."

Ilikuwa hivyo kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi katika ukumbi wa ushirika wa wakulima wa Leeuklip, mji wa mahindi na kondoo katika jimbo la Free State. Wanachama walikuwa ishirini na watatu, wanaume tu, wote wakusanyaji wa bunduki za vita vya Makaburu na Waingereza, na wengi wao walikuwa wanazijua namba za bunduki zao za Mauser vizuri kuliko siku walizozaliwa watoto wao. Lakini tangu sheria mpya ya silaha ilipotoka, ukumbi ulianza kupokea pia wasio wanachama. Sheria ilitaka kila bunduki ya zamani iwe na barua ya mkaguzi inayosema kwamba ni kitu cha historia. Isiyo na barua ilipelekwa polisi ikakatwe. Mkaguzi wa wilaya nzima alikuwa mmoja, naye ni Lourens. Kwa hiyo wajane walikuja, na wakulima wenye kofia mkononi, wakiwa wameviringisha urithi wao kwenye mataulo na mapazia ya zamani.

Walichokuja nacho hakikuwa bunduki tu. Wapiganaji wa wakati ule walikuwa na desturi ya kuchonga majina yao kwenye vitako kwa kisu cha mfukoni, kambini, wakisubiri. Jina, mwaka, pengine na mahali pa pigano. Wale waliosalimu amri mapema walizikabidhi bunduki zao, na Waingereza wakazirundika na kuzitia moto. Hivyo katika Leeuklip, bunduki yenye jina ikining'inia juu ya kabati la vyombo ilikuwa inasema jambo moja kwa kila mgeni anayeingia kunywa kahawa: huyu wa kwetu hakunyoosha mikono. Mzee wa nyumba akifa, iliwekwa juu ya jeneza.

Lourens alikuwa mwalimu wa useremala kwa miaka thelathini na sita, katika shule ileile na karakana ileile aliyofundisha baba yake, na mbao hazikuweza kumdanganya. Mchongo wa kambini una kingo zilizochanika, kwa sababu kisu huruka. Mabonde na mikwaruzo ya vita hupita juu ya herufi, kwa sababu yalikuja baadaye. Mchongo wa uongo ni kinyume chake: herufi ndizo zinazopita juu ya mikwaruzo, na sakafu ya herufi ni laini kwa sababu imekatwa kwa patasi, na mtu aliyeketi mezani, mwenye kahawa pembeni.

Wapo waliobisha. Mkulima mmoja alimwambia kwamba marehemu mama yake hakuwa mwongo.

"Sijakagua mama," alisema Lourens. "Nimekagua kitako."

Daan Bruwer, mwenye bucha, ambaye alikuwa katibu wa chama na mcheshi wake, alipenda kusema kwamba kama wote waliochongewa pigano la Magersfontein walikuwa huko kweli, Waingereza wangeshindwa kwa kukosa mahali pa kukanyaga. Watu walicheka, na mwenye bunduki akavaa kofia yake na kuondoka. Kwa miaka tisa bunduki thelathini na moja zilitoka katika ukumbi ule zikaenda polisi.

Kati ya hizo, kumi na tisa zilikuwa za mkono mmoja. Lourens aligundua hilo mwaka wa pili. Chini ya kioo cha kukuzia, sakafu ya kila herufi ilikuwa na tuta jembamba kama unywele, likifuata mkondo wa chombo mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa patasi yenye pengo dogo kwenye makali. Mtu mmoja alikuwa ameichonga Leeuklip nzima. Lourens alimpa jina, Pengo, na akaandika habari zake mara saba katika jarida la chama. Alikisia kwamba alikuwa mfanyabiashara kutoka Johannesburg, mtu asiye na kwao, aliyewauzia wakulima wajinga mashujaa wa bandia. Aliapa kwamba kabla hajafa angelitoa jina lake hadharani.

Pengo alikuwa anaishi kilomita kumi na moja kutoka hapo, katika nyumba ya wazee ya kanisa, chumba namba sita, na kila Jumapili alikula biskuti ngumu ambazo Lourens alimletea.

Wynand Swanevelder alikuwa na miaka tisini na mitano. Miguu ilikuwa imekwisha lakini kichwa kilikuwa kizima. Mwanawe alimkatia nyama kavu vipande vyembamba kwa sababu ya meno, akammiminia kahawa, kisha akaanza habari za Jumamosi. Mzee alisikiliza akiwa amefumbata kikombe kwa mikono miwili. Maswali yake yalikuwa ya kifundi.

"Alikata kwa kufuata nyuzi za mbao, au alizipinga?"

"Alizifuata."

"Hata kwenye mikunjo ya S?"

"Hata kwenye S. Aligeuza mbao, si mkono."

"Basi alijua kazi."

"Alijua kudanganya, Baba."

Mzee aliomba kahawa nyingine. Miaka saba alikuwa anaomba kahawa nyingine hapohapo.

Jumamosi ya mwisho ya Juni ilikuwa na barafu kwenye nyasi mpaka saa nne asubuhi. Muda wa kupata barua ulikuwa unakwisha Jumanne, na foleni ilifika mlangoni. Wa mwisho alikuwa Hester Raath, mwenye miaka themanini na mmoja, ambaye hakuwahi kuolewa na ambaye alikuwa ameiendesha posta ya mji kwa miaka thelathini. Aliingia amebeba bunduki yake mwenyewe ndani ya shuka, akamkatalia kila aliyetaka kumpokea.

"Tannie Hester, sogea huku kwenye hita," alisema Daan Bruwer, akimwita shangazi kama kila mtu mjini alivyomwita. "Umekuja kutupiga risasi?"

"Ningekuwa nayo, Daan, ningeanza na wewe na ile mizani yako ya nyama."

Watu wakacheka. Lourens hakucheka. Aliivua saa, akailaza bunduki kwenye blanketi, akainamisha taa. Kwenye kitako palikuwa na maneno: S. J. RAATH. PAARDEBERG. 1900. Hakuhitaji hata dakika tatu. Unywele ulikuwepo, kutoka S hadi sifuri ya mwisho.

"Babu yake Tannie hakuwahi kuigusa hii."

"Najua," alisema Hester.

Hakuna aliyewahi kumjibu hivyo. Lourens aliinua uso.

"Tannie anajua?"

"Ya babu yangu aliivunja mwenyewe kwenye jiwe la mtoni, palepale Paardeberg, siku jenerali wao alipowasalimisha, ili Waingereza wasiipate. Wakampeleka kisiwani Saint Helena, akafa huko kwa homa ya matumbo. Barua yake ninayo. Bunduki hii haikuwa yake, ila jina ni lake. Mama yangu hakuwa na kaburi la kumwonyesha mtu, alikuwa na kitako hiki. Andika hivyo, niende nyumbani nayo."

"Sheria haina nafasi ya kuandika hivyo. Kitu ni cha historia au si cha historia. Hili ni jina lililochongwa na tapeli."

"Tapeli gani?"

"Yule mwenye patasi yenye pengo. Tannie angekuwa anasoma jarida letu…"

"Nalisoma. Huwa nacheka mpaka navua meno." Alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa. "Hakuwa tapeli, Lourens. Alikuwa mwalimu. Nilikuwa na miaka kumi, na nilikikalia kitako hiki kwenye meza ya karakana ya shule, kisiteleze, wakati baba yako anachonga."

 Daan Bruwer alipunguza hita ili asikie vizuri.

Hester alieleza bila haraka, kama mtu anayesoma anwani kwenye barua. Mwaka 1938 magari ya ng'ombe ya maadhimisho ya miaka mia ya safari ya mababu yalikuwa yapite Leeuklip. Mwalimu mkuu akaagiza kila mtoto aje na bunduki ya babu yake asimame nayo kando ya barabara. Nusu ya watoto hawakuwa na bunduki, na kila mtu mjini alijua maana ya kutokuwa nayo. Wakaanza kupigwa nyuma ya vyoo. Mama zao wakamwendea mwalimu kijana wa useremala, mmoja mmoja, kwa mlango wa nyuma. Wengine walikuwa na bunduki zisizo na jina zilizonunuliwa mnadani, wengine mwalimu aliwatafutia.

"Alichonga majina kwa wiki tatu," alisema Hester. "Aliwachongea ambao babu zao walikufa na ambao babu zao walijificha darini. Hakuuliza. Mimi nilikuwa wa pili."

"Wa kwanza alikuwa nani, Tannie?" aliuliza Daan Bruwer, na papo hapo ikaonekana kwamba angependa kulirudisha swali mdomoni.

"Ya kwao," alisema Hester, akimwelekezea Lourens kidevu. "Alisema anataka kujifunzia kwenye ya nyumbani kwanza, asije akaharibu ya mtu."

Lourens aliivaa saa yake. Alisema Tannie amechoka, na kwamba watu wa umri wake huchanganya miaka. Kisha akaijaza fomu kwa mwandiko wake wa ubaoni: si kitu cha historia. Chini ya fomu palikuwa na visanduku viwili vya namna ya kuharibu. Akatia alama kwenye kile alichokuwa anakitia siku zote, akapiga mhuri.

"Jumanne, kabla ya saa kumi jioni. Kituo cha polisi."

Bunduki ya Swanevelder ilikuwa imening'inia sebuleni kwa wazazi wake tangu kabla hajazaliwa, na baadaye kwake. J. W. SWANEVELDER. MAGERSFONTEIN. 1899. Akiwa mtoto alipitisha kidole ndani ya herufi zile kabla hajajua kuzisoma. Alikuwa ameikagua namba yake, chuma chake, hata kamba ya ngozi. Kitako hakuwahi kukiweka chini ya taa. Hakikuwa kitu cha kuthibitishwa; ndicho kilichomfanya awe mtu wa kuthibitisha vya wengine.

Mchana ule aliishusha, akaiweka kwenye meza ya kulia, akainamisha taa. Unywele ulikuwa pale. Ulikuwa mnene kuliko kwenye zile nyingine, kwa sababu patasi ilikuwa bado haijanolewa upya, na kwenye herufi tatu za mwanzo mkono ulikuwa haujazoea. Mwalimu wa useremala angempa mwanafunzi huyo alama sita kwa kumi.

Jumapili alikwenda saa ileile ya siku zote. Alimmiminia baba yake kahawa. Alikata nyama. Ndipo akasema, "Hester Raath alikuja jana."

"Bado yuko hai yule? Alikuwa mzito kwa umri wake. Alikaa vizuri kwenye mbao."

Lourens alikuwa amejitayarisha kusikia mzee akikana. Kwa hilo hakujitayarisha.

"Kwa hiyo ni Baba."

"Mtoto mmoja aliidondosha patasi kwenye saruji. Sikuwa na nyingine ya upana ule, na wiki ilikuwa fupi."

"Miaka saba nakuja hapa namweleza Baba habari za Pengo. Kwa nini Baba hakusema?"

Mzee alifikiri. "Ulikuwa na furaha," alisema. "Sikuwahi kukuona na furaha ile tangu uzaliwe."

"Na babu? Alikuwa Magersfontein?"

"Alikuwepo, mpaka siku mbili kabla ya pigano. Akarudi nyumbani kuangalia ng'ombe. Mwezi wa tatu Waingereza walipoingia Bloemfontein, akatandika farasi, akaenda akawakabidhi bunduki, akatia saini kiapo. Halafu akawauzia nyasi za farasi zao mpaka vita vikaisha."

"Nyasi."

"Nyasi nzuri. Kwetu hapakuchomwa moto. Ndiyo maana mimi nilisoma nikawa mwalimu, na wewe ukawa mwalimu. Kwa kina Raath palichomwa mpaka banda la kuku." Alichovya biskuti, akaisubiri ilainike. "Zangu umekata ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Nilichonga ishirini na mbili. Moja ilihamia Rhodesia na wenyewe. Kwa hiyo zimebaki yetu na ya Hester." Alihesabu tena kwa vidole, kana kwamba ni watoto kwenye gari la safari. "Na mbao zake? Zile kumi na tisa?"

"Zilichomwa."

"Fomu yako moja uliisahau hapa mwaka jana. Niliisoma, sina cha kusoma. Kuna kisanduku cha chuma peke yake na kisanduku cha vyote. Sheria inataka chuma tu, Lourens. Mbao haifyatui risasi."

"Jina la uongo lina madhara yake."

"Waliambiwa hao watu? Kwamba wangeweza kubaki na kipande chenye jina?"

"Hawakuuliza."

Mzee aliirudisha biskuti kwenye sahani bila kuila. Kwa muda alikuwa akipangusa chembe zilizoanguka kwenye blanketi la mapajani, moja baada ya nyingine.

"Sasa yetu utaifanyaje?"

"Kama zote. Kanuni ni moja."

"Ikate basi. Chuma sikukitengeneza mimi. Lakini weka alama kwenye kisanduku cha kwanza. Niletee kitako hapa, na cha Hester mpe Hester. Cha kwetu nilikichonga nikiwa na miaka ishirini na minne, na marehemu mama yako alinishikia taa; ndiyo kwanza tumechumbiana. Nitakufa mwaka huu au ujao. Siombi kingine."

Lourens alikiosha kikombe cha baba yake, akakifuta, akakirudisha kwenye rafu kikiwa kimegeuzwa chini.

"Nitaona," alisema.

Jumanne saa nane alikuwa kituo cha polisi na bunduki mbili za wengine waliokosa barua kwenye gari, na ya tatu ya kwao. Nyuma ya kituo kulikuwa na uwanja wa saruji, mashine ya kukatia chuma, na pipa lililotobolewa ubavuni ambamo mbao zilichomwa. Hester Raath alikuwa amefika kabla yake. Sajini Mokete Lethoba, Msotho mnene aliyekuwa anakaribia kustaafu, alikuwa amemtolea kiti cha ofisini akamweka juani.

Sajini alizipokea fomu, akazisoma moja moja. Kwenye ya tatu alisimama.

"Mwalimu, hii jina lake ni lako."

"Ndiyo."

"Umejikagua mwenyewe, ukajifelisha."

"Nimekagua bunduki."

"Nyinyi watu." Sajini alitikisa kichwa. "Babu yangu mimi naye alikuwa kwenye vita hivyo. Alimshikia bwana wake farasi miaka miwili na nusu. Hakupewa hata kijiti cha kuchonga jina." Aligeuza fomu. "Lakini nikuulize kitu, maana leo ndiyo mwisho na sitapata nafasi tena. Hapa chini pana kisanduku cha chuma tu. Miaka yote sijawahi kuona umekitia alama. Mbao mimi sina kazi nazo. Zinanitoa machozi tu kwa moshi."

"Kisanduku gani?" aliuliza Hester kutoka kwenye kiti.

Sajini alimpelekea fomu akamwonyesha kwa kidole. Hester alivaa miwani, akasoma, akaivua.

"Kila fomu inacho?"

"Kila fomu, Mama."

"Mjane wa Vermaas alikuja kwangu baada ya bunduki yake kukatwa hapa. Alilala kwangu siku mbili. Hakutaka bunduki, alikuwa anaiogopa bunduki. Alitaka kile kipande chenye jina tu." Alisema bila kumtazama Lourens, kama alivyozoea Lourens kusema bila kuwatazama watu. "Na yeye alikuwa nacho kisanduku."

"Kwa fomu hizi za leo linaweza kurekebishwa," alisema Sajini. Akachomoa kalamu mfukoni. "Mwalimu anafuta alama hapa, anaweka hapa, anatia saini pembeni. Mama anaondoka na mbao zake, Mwalimu anaondoka na zake. Mimi nakata vyuma, tunafunga."

Lourens aliishika kalamu. Tangu Jumapili alikuwa anajiambia kwamba akiileta ya kwao mwenyewe hakuna atakayeweza kumnyooshea kidole. Alikuwa ameona jinsi itakavyokuwa: angeweka ya Swanevelder mezani, na watu wangenyamaza kwa heshima. Hakuwa ameona kalamu. Akitia alama kwenye fomu ya Hester, basi mjane wa Vermaas angejua, na yule mkulima wa marehemu mama, na wote thelathini na mmoja, kwamba kilichokuwa kinawazuia hakikuwa sheria. Kilikuwa mkono wake. Na akitia kwenye ya kwao peke yake, ndiyo ingekuwa mbaya zaidi.

Palikuwa na njia moja tu ambayo ndani yake alikuwa hajakosea tangu mwanzo.

"Fomu ziko sawa," alisema, akairudisha kalamu.

"Mwalimu, baba yako…" alianza Sajini, ambaye dada yake alifanya kazi katika nyumba ya wazee.

"Fomu ziko sawa, Sajini."

Hester alicheka kidogo, kicheko kikavu cha puani. "Wewe ni babu yako kabisa," alisema. "Watu wanadhani alikuwa mwoga. Mama alisema hakuwa mwoga. Alikwenda pale Bloemfontein na bunduki yake, akasimama foleni, akaikabidhi serikali, akapewa karatasi yenye mhuri. Akarudi nyumbani akiona amefanya jambo la haki kuliko wote, na majirani ndio wakorofi."

 Sajini alivaa miwani ya kazi, akafungua skrubu za bunduki ya Swanevelder, akautenga mtutu na mbao. Mashine iliukata mtutu mara tatu. Kitako kilitupwa ndani ya pipa juu ya makaa ya mbao zilizotangulia, na kwa sababu kilikuwa kimepakwa mafuta ya kitani kwa miaka sabini, kiliwaka mara moja, kwa moto mzuri. Lourens alisogea karibu. Alisimama pale mpaka mwisho, mikono nyuma, kama alivyosimama nyuma ya wanafunzi wake karakanani.

Sajini alipoichukua ya Hester na kuanza kutafuta bisibisi inayoingia, Lourens alichukua nakala zake zilizopigwa mhuri akaelekea kwenye gari. Hester alibaki kwenye kiti, mkoba umewekwa magotini. Alikuwa amegeuza kiti kuelekea kwenye pipa.

Jumapili alikwenda chumba namba sita saa ileile. Mzee alikuwa ameogeshwa, amechanwa nywele, amevalishwa shati la kanisani. Alitazama mikono ya mwanawe. Mkono mmoja ulikuwa na kopo la biskuti, mwingine ulikuwa na ufunguo wa gari.

 Alingoja kahawa imiminwe.

"Uliitazama ikiungua?"

"Niliitazama."

"Herufi gani ilikwisha mwisho?"

Lilikuwa ni swali, na Lourens hakuwahi katika maisha yake kuliacha swali la kifundi bila jibu sahihi.

"V."

Mzee aliitikia kwa kichwa polepole. "Pale palikuwa na fundo. Nusura patasi inirukie mkononi." Alinywa kahawa kidogo. "Na ya Hester?"

"Sikungoja kuiona."

Baba yake alikiweka kikombe chini. Alimwita muuguzi aliyekuwa anapita kwenye korido, akamwomba amrudishe kitandani, na Lourens aliposhika vishikio vya kiti cha magurudumu ili asukume, mzee akasema, "Si wewe."